Mkono wa Mpigaji na Gridi ya Kompyuta

Wanaosema kompyuta imeua muziki wetu wanamshitaki asiyehusika. Kompyuta iliyounganishwa na kinanda kwa njia ya MIDI, lugha ya ala za umeme, inapokea mengi ya mpigaji kuliko tunavyodhani: ameanza lini, ameachia lini, amegonga kwa nguvu kiasi gani, kanyagio amelikanyaga wapi na kulinyanyua wapi. Wanaoyafuta hayo ni sisi, tena kwa kubonya mara moja, halafu tunailaumu mashine kwa ubaridi wa wimbo. Hiyo ndiyo hoja yangu. Naiweka mezani mapema ili msomaji ajue nimekaa upande gani wakati wengine wanabishana.

Sauti tatu zinazofuata nimezitunga kutokana na hoja zinazozunguka studio ndogo za Unguja na Dar es Salaam, ndiyo maana hazina majina. Mpiga kinanda ni mzee wa taarab. Alianza na akordioni, akahamia kinanda cha umeme vikundi vilipoanza kupunguza watu. Mtayarishaji ni kijana aliyekulia kwenye Bongo Fleva. Studio yake ni chumba kimoja chenye laptopu, kinanda cha MIDI, kipaza sauti na magodoro ukutani. Mwimbaji amefundishwa maqam, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, na anajua anachotaka kusikia. Wanataka kurekodi wimbo mmoja, na hawajakubaliana hata namna ya kuanza.

MPIGA KINANDA: Mwanangu, umeniwekea kinanda bubu. Nakigonga, kimya. Waya umeingia kwenye kompyuta. Sasa hapo unarekodi nini?

MTAYARISHAJI: Narekodi vidole vyako, Maalim. Waya huu haupitishi sauti hata chembe, unapitisha namba. Ukibonya do ya katikati inakwenda namba 60. Ikifuatana nayo inakwenda namba ya nguvu uliyobonyea, kuanzia 1 mpaka 127. Ukiachia, inakwenda habari ya kuachia. Kanyagio lina namba yake, gurudumu la kupinda sauti lina yake. Kompyuta inaandika kila namba na saa iliyofika.

MPIGA KINANDA: Na sauti inatoka wapi?

MTAYARISHAJI: Kwenye ala iliyomo ndani ya programu. Leo nitaweka akordioni. Tukiona haifai, nitaweka fidla kumi na vidole vyako vitabaki vilevile.

MPIGA KINANDA: Yaani umenichukua vipimo kama fundi cherehani, kitambaa utakichagua mimi nikishaondoka.

MTAYARISHAJI: Ndivyo hasa.

MPIGA KINANDA: Basi hapo ndipo penye hofu yangu. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928, kilichoingia kwenye santuri ni kile walichokipiga saa ileile. Redio Tanzania nayo ilikuwa hivyo: bendi nzima imo chumbani, tarumbeta zimesimama mbali kidogo ili zisimeze magitaa, na mmoja akikosea mnarudia wote. Sauti, chumba na mkono vilikuwa kitu kimoja. Wewe unavitenganisha, na nijuavyo mimi, vikishatenganishwa kuna mtu atavichezea.

Niingilie kidogo, maana historia ya MIDI inamsaidia Mtayarishaji kuliko anavyojua. Haikubuniwa kwa ajili ya kumwondoa mpigaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kila kampuni ilikuwa na lugha yake, na kinanda cha kampuni moja hakikuweza kukiamrisha cha kampuni nyingine. Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, washindani kibiashara, walisukuma lugha moja ya wote. Januari 1983, kwenye maonyesho ya ala za muziki huko California, kinanda cha Smith, Prophet-600, kiliunganishwa na Jupiter-6 ya Roland, kampuni ya Kakehashi. Ukibonya kimoja, vinalia vyote viwili. Hawakuiuzia dunia lugha hiyo, waliiachia. Miaka 30 baadaye wawili hao walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi. Na mpaka leo kinanda cha mwaka 1983 kinaweza kuzungumza na laptopu mpya kwa lugha ileile. Ni vitu vichache sana katika teknolojia vilivyodumu hivyo.

Wepesi wake nao si jambo dogo kwetu. Wimbo wa dakika nne uliorekodiwa kwa ubora wa sidii, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, pande mbili, unachukua megabaiti 42 hivi. Wimbo huohuo ukiwa MIDI, hata ukiwa na noti elfu kadhaa, unahesabiwa kwa kilobaiti. Kwa mtu anayenunua bando la intaneti kwa siku, hiyo ndiyo tofauti ya kumtumia mwenzake wa Mombasa kazi sasa hivi au kusubiri mpaka usiku wa manane.

MTAYARISHAJI: Sasa Maalim, tumalize hili. Umepiga chakacha vizuri sana, lakini tazama hapa kwenye skrini. Noti zako hazikai kwenye mistari. Nyingine iko mbele, nyingine nyuma. Nitazinyoosha kidogo, kazi ya sekunde moja.

MWIMBAJI: Ngoja, mdogo wangu! Kabla hujabonya, tupigie kwanza kama ilivyo.

(Anapiga. Wanasikiliza.)

MWIMBAJI: Kuna kosa gani hapo?

MTAYARISHAJI: Kwa sikio, hakuna. Kwa macho, lipo.

MPIGA KINANDA: Muziki unapikwa kwa macho tangu lini?

MTAYARISHAJI: Tangu tulipopata skrini, Maalim. Msinicheke. Nikiongeza besi na ngoma zinazokaa kwenye mistari halafu kinanda chako kiko nje, vitagombana.

MPIGA KINANDA: Basi bonya, tusikie.

Alichofanya Mtayarishaji hapo ndicho kinachofanyika kila siku, na nataka kukieleza kwa hesabu, kwa sababu watu wengi hukisikia bila kujua wanasikia nini. Chakacha inaligawa pigo mara tatu. Tuchukue mwendo wa mapigo 120 kwa dakika: pigo moja ni nusu sekunde, yaani milisekunde 500. Noti tatu za chakacha zitaangukia mwanzo wa pigo, kisha milisekunde ya 167, kisha ya 333. Lakini gridi, yaani ile mistari ya skrini, unayoikuta programu inapofunguliwa inaligawa pigo mara nne: 0, 125, 250, 375. Ukiamuru noti zikimbilie mstari ulio karibu, ya 167 inavutwa nyuma hadi 125 na ya 333 inasukumwa mbele hadi 375. Nafasi tatu zilizokuwa sawa zinageuka fupi, ndefu, fupi. Huo ni mdundo mwingine kabisa. Mpigaji amepiga chakacha, programu imeandika chakacha, kitufe kimeigeuza kitu kisicho chakacha.

MPIGA KINANDA: Hiyo siyo yangu. Wallahi siyo yangu.

MTAYARISHAJI: Gridi ilikuwa ya nne. Naiweka ya tatu... Haya, sasa?

MWIMBAJI: Sasa ni chakacha, lakini imevaa viatu vya kubana. Maalim alikuwa anachelewesha ile ya tatu kidogo. Mimi hapo ndipo ninapovutia pumzi.

MTAYARISHAJI: Dada, tukifuata kila mtu anapovutia pumzi hatutamaliza. Nitanyoosha kwa asilimia 50, kila noti isogee nusu ya safari yake kwenda kwenye mstari. Roger Linn, aliyetengeneza mashine ya ngoma ya LM-1 mwaka 1980, alijua tatizo hili mapema. Aliweka namna ya kuchelewesha noti za pili ili mashine iyumbe kama mtu. Mashine zinajua kuyumba, Maalim.

MPIGA KINANDA: Zinayumba vilevile kila mara. Mimi nikiyumba, nayumba kwa kumfuata yule anayeimba.

Hapa Mpiga kinanda amegusa kiini. Kuchelewa kwake si asilimia maalumu. Anachelewa zaidi mwisho wa ubeti kuliko mwanzo, na anawahi pale mshairi alipoweka neno zito. Ukimnyoosha kwa nusu unapunguza makosa yake nusu na maana yake nusu. Nakubali kwamba wapigaji wengine hukosea tu, na mikono yao inahitaji msaada. Lakini dawa ya hao ni kusikiliza noti kwa noti na kusogeza ile inayouma sikio. Kuchagua zote na kubonya mara moja ni uvivu, hata tukiuita weledi.

Jambo la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani.

MPIGA KINANDA: Kuna kitu kinanisumbua. Nikibonya, sauti inakuja baadaye. Kidogo tu, lakini nasikia. Nimekuwa nikiwahi makusudi ili sauti ifike kwa wakati.

MTAYARISHAJI: Unawahi? Basi ndiyo maana noti zako nyingi ziko mbele ya mstari!

MWIMBAJI: Mngoje, mngoje. Kwa hiyo ulikuwa unanyoosha kosa la kompyuta yako, ukimwita Maalim mkosaji?

Naam, ndivyo. Kompyuta haitoi sauti tone kwa tone. Inakusanya fungu la sampuli kwanza, ndipo inalitoa. Fungu hilo huitwa bafa. Likiwa la sampuli 1,024 kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, sauti inachelewa milisekunde 23 kwa fungu hilo peke yake. Likiwa la sampuli 128, inachelewa chini ya milisekunde 3. Tena kuna efekti zinazochelewesha sauti kwa asili yake, hasa zile za kubana wimbo mzima mwishoni, ambazo lazima zitazame mbele kabla ya kuamua. Watayarishaji wengi huziacha zimewashwa huku wanarekodi kwa sababu wanapenda wimbo usikike umenona tangu mwanzo. Mpigaji anasikia mkono wake ukija kwa kuchelewa, anajirekebisha kwa kuwahi, na programu inaandika kuwahi huko kwa uaminifu mkubwa. Kisha anaitwa mbovu wa mwendo.

Utaratibu unaofaa ni rahisi. Zima efekti nzito, shusha bafa mpaka kabla ya sauti kuanza kukwaruza, rekodi. Ukimaliza kurekodi na kuanza kuchanganya, pandisha bafa uwezavyo ili laptopu ipumue. Wenye kompyuta dhaifu wageuze treki zilizokwisha kuwa faili za sauti ili mashine isizipike upya kila mara. Haya hayahitaji fedha.

MTAYARISHAJI: Nimeshusha hadi 128. Jaribu tena, Maalim.

MPIGA KINANDA: Hee! Sasa kinanda kimekuwa kinanda.

MWIMBAJI: Basi nami nina langu. Utangulizi wa wimbo huu uko kwenye maqam ya Rast. Mi yake si ile ya kinanda. Iko kati ya mi na ile nusu iliyo chini yake. Kwa namba zako iko kati ya 63 na 64. Unayo 63 na nusu?

MTAYARISHAJI: Sina. Namba ni nzima tu.

MWIMBAJI: Basi MIDI yako haiujui muziki wetu.

MPIGA KINANDA: Bibie, tuseme kweli. Akordioni yangu nayo haikuwa na hiyo robo ya toni. Imeingia kwenye taarab zamani, imekaa kando ya ganuni na fidla, na tuliishi nayo. Pale penye robo mimi nilikaa kimya, nikamwachia mwenye fidla. Huyu kijana hakuleta dhambi mpya.

MWIMBAJI: Umesema mwenyewe, ulikaa kimya. Kuna mtu mwingine alikuwepo wa kuisema. Leo mwenye fidla hayupo. Kinanda ndiye ganuni, ndiye fidla, ndiye nai. Akinyamaza kinanda, nani ataisema?

Jibu la Mwimbaji lina nguvu kuliko majibu yote ya siku hiyo. Ala zenye mipaka zimekuwemo kwenye taarab muda mrefu, lakini zilikuwa ndani ya kundi, na kundi lilijaziana mapengo. Kompyuta ikibeba kundi zima, mpaka wake unakuwa mpaka wa muziki wote.

Hata hivyo amekosea kusema MIDI haiwezi. Gurudumu la kupinda sauti lina hatua 16,384, katikati yake ni 8,192. Kwa kawaida ya vinanda vingi, upande mmoja wa gurudumu ni nusutoni mbili, kwa hiyo kuishusha noti kwa robo ni kushuka hatua 2,048. Unaweza kuziandika hatua hizo kwa mkono chini ya kila mi. Ugumu ni kwamba amri ya kupinda inashika chaneli nzima: ukiipinda mi wakati do inaendelea kulia chini yake, do nayo inapinda, na wimbo unalegea kama kanda iliyolowa. Dawa ni kutenganisha. MIDI ina chaneli 16. Iweke mi kwenye chaneli yake, au tumia mfumo uliopitishwa mwaka 2018 ambao kila noti hupewa chaneli ya peke yake. Vinanda vilivyotengenezwa kwa ajili ya nchi za Kiarabu vina vitufe vya kushusha noti yoyote kwa robo, na ala nyingi za ndani ya programu zinakubali kupangiwa sauti upya. MIDI 2.0, iliyotangazwa mwaka 2020, inaruhusu kila noti kuwa na mpindo wake bila kuchakura huku na kule.

Njia ipo, basi. Ila inahitaji mtu anayeisikia hiyo mi na kukataa kuendelea bila kuipata. Ndiyo maana namtaka mwimbaji studio tangu siku ya kwanza, asiitwe siku ya kuingiza sauti tu.

MTAYARISHAJI: Nimeipinda hatua 2,048. Hiyo hapo.

MWIMBAJI: Ishushe tena kidogo. Kidogo... hapo! Acha hapo hapo.

MTAYARISHAJI: Hapo si robo kamili.

MWIMBAJI: Rast haikupimwa kwa rula, mdogo wangu.

MTAYARISHAJI: Haya. Ingia chumbani tuweke sauti yako. Nitairekodi kavu, bila kitu, halafu efekti nitaziweka baadaye.

MWIMBAJI: Siimbi kavu. Nataka kusikia ukumbi kwenye hedifoni.

MTAYARISHAJI: Utausikia. Mwangwi utakwenda kwenye masikio yako, faili itapokea sauti tupu. Hivyo ndivyo wataalamu wanavyofanya, maana mwangwi ukishaingia ndani ya faili hautoki tena.

MWIMBAJI: Na ukiuondoa baadaye ukaweka mwingine mfupi?

MTAYARISHAJI: Ni haki yangu kuchagua.

MWIMBAJI: Sikiliza. Mimi namaliza mstari, nasubiri ukumbi unijibu, kisha naanza mwingine. Nimekipima kimya changu kwa mwangwi ule. Ukiubadilisha, kimya kinabaki kimesimama bila sababu, na msikilizaji atadhani nimesahau maneno.

MPIGA KINANDA: Hapo Bibie amesema.

Wanamuziki wengi huziona efekti kama manukato ya mwisho. Mwimbaji anaziona kama chumba alichoimbia, na yeye ndiye aliye sahihi. Mpigaji na mwimbaji hujibu wanachokisikia. Kwa hiyo kurekodi kavu ni busara, ila efekti zilizokuwa masikioni ziandikwe na kuhifadhiwa pamoja na faili: ukumbi gani, sekunde ngapi, kiasi gani. Zikibadilishwa, mwimbaji aitwe.

Kuhusu mwangwi wa ukumbi wenyewe nina mawili. La kwanza, taarab ni mashairi. Mkia wa mwangwi ukiwa mrefu kuliko nafasi kati ya mstari na mstari, unafunika kina, na shairi lililofunikwa vina ni hasara kubwa. Kuna kidude kwenye karibu kila plagini (programu ndogo) ya mwangwi kinachouchelewesha usianze palepale neno linapotoka. Milisekunde 20 hadi 40 zinatosha kuziacha konsonanti zisikike safi kabla ukumbi haujaamka. La pili, msimpe kila mtu ukumbi wake. Kinanda kwenye kanisa, sauti kwenye bafu, ngoma ya dumbak chooni, halafu tunashangaa kwa nini kundi halikai pamoja. Tengeneza treki moja ya mwangwi, kila ala ipeleke kiasi chake humo: aliye mbele kidogo, aliye nyuma zaidi. Watakaa chumba kimoja, hata kama mmoja alirekodi Jumatatu na mwingine Alhamisi.

Ukitumia mwangwi wa kujirudia, ule unaorudisha neno lile lile mara kadhaa, gawa 60,000 kwa mwendo wa wimbo upate milisekunde za pigo moja. Wimbo wa mapigo 96 kwa dakika una pigo la milisekunde 625. Na kama wimbo unagawika tatu, mwangwi nao ugawike tatu.

MTAYARISHAJI: Nimeweka kompresa kwenye dumbak ili isikike imara.

MPIGA KINANDA: Imesikika imara na imekufa. Iko wapi tofauti ya dum na tak?

MTAYARISHAJI: Kompresa inashusha sauti kubwa na kuinua ndogo.

MPIGA KINANDA: Kwani aliyepiga kubwa na ndogo alikuwa mjinga?

Kompresa inayokamata ndani ya milisekunde moja inaula mgongano wa kiganja na ngozi, ambao ndio dumbak yenyewe. Ikiruhusiwa ichelewe milisekunde 20 au 30, mgongano unapita mzima na mwili wa sauti ndio unaobanwa. Na kama dumbak hiyo ilichorwa kwa mausi, kila pigo likiwa na nguvu ya namba ileile, hakuna cha kubana; uhai haukuwemo tangu mwanzo. Namba 127 zimewekwa kwa ajili yetu, tunatumia moja.

MWIMBAJI: Na ile ya kunyoosha sauti yangu? Usiniwekee.

MTAYARISHAJI: Auto-Tune? Kila wimbo wa redioni unayo siku hizi, dada.

MWIMBAJI: Mi yangu ulihangaika nayo nusu saa ili iwe kati ya 63 na 64. Hiyo mashine yako inazijua namba ngapi?

MTAYARISHAJI: ...Kumi na mbili kwa kila oktavu.

MWIMBAJI: Basi itaikamata mi yangu na kuirudisha ulikoitoa.

Alichokisema ni kweli kiufundi. Auto-Tune ilitoka mwaka 1997. Aliyeibuni, Andy Hildebrand, alitokea kwenye kazi ya kutafuta mafuta kwa kusoma mitetemo ya ardhi, akatambua kwamba hesabu zile zinaweza kusoma koo la mtu. Mwaka uliofuata wimbo wa Cher, "Believe", ukaonyesha kinachotokea ukiiamuru irekebishe bila kuchelewa hata kidogo: sauti inapanda ngazi badala ya kuteleza. Bongo Fleva imeifanyia mambo mazuri ngazi hiyo, na sina ugomvi nayo humo. Lakini uimbaji wa taarab unaishi kwenye kuteleza. Kuna namna ya kuilegeza mashine, kuipangia noti zake upya, kuizima kwenye maneno fulani. Anayetaka aitumie hivyo. Mimi ningemwomba mwimbaji arudie mstari.

MTAYARISHAJI: Nami nisikilizwe sasa. Mnazungumza kana kwamba mashine zimeharibu kila kitu. Mchiriku je? Walichukua vinanda vidogo vya Casio, vya kuchezea watoto, wakavipitisha kwenye spika za honi zilizochakaa. Sauti inapasuka, inalia pua. Hakuna mhandisi angeikubali. Ikawa muziki wa Dar es Salaam, wenye jina na wenye watu. Kupasuka kule ni efekti, tena nzuri kuliko plagini yoyote niliyonayo. Na singeli? Inapita mapigo 200 kwa dakika. Kwa 240, pigo zima ni robo ya sekunde. Mkono gani, Maalim, utakwenda hivyo dakika tano? Uhai wa singeli uko palepale mkono unaposhindwa. Walichukua vipande vya taarab, wakavikimbiza, wakapata kitu ambacho taarab haikuwa nacho. Wamekwenda nacho mpaka Ulaya. Mashine ile hamkuiambia iyumbe.

MPIGA KINANDA: Singeli naisikia kwa wajukuu. Sina neno nayo. Inajua inachotaka.

MTAYARISHAJI: Basi na mimi nijue ninachotaka.

Hoja hii naikubali yote. Gridi iliyochaguliwa ni ala kama ala nyingine. Mtayarishaji wa singeli anaipiga gridi kwa ustadi uleule ambao mwingine anautumia kupigia udi. Ninachokipinga ni ile gridi iliyokuja na programu, ambayo hakuna aliyeichagua, ikaamua mdundo, sauti na ukubwa wa chumba kwa niaba yetu.

Limebaki jambo moja, nalo si la ufundi.

MPIGA KINANDA: Mwanangu, hizo namba zangu zinakaa wapi tukimaliza?

MTAYARISHAJI: Kwenye folda. Nitaziweka pamoja na faili za sauti, maana plagini zinaweza kupotea na mradi ukafunguka kimya. MIDI na sauti, vyote viwili.

MPIGA KINANDA: Na kesho akija mtu anataka chakacha?

MTAYARISHAJI: ...Naweza kuifungua hiyo, nikabadilisha ala, nikapandisha sauti nusutoni mbili.

MPIGA KINANDA: Nitakuwa nimepiga wimbo wake nikiwa nyumbani nakunywa kahawa.

MTAYARISHAJI: Lakini Maalim, chakacha si ya mtu mmoja.

MPIGA KINANDA: Chakacha ni ya wote, sikatai. Kuchelewa kule kwa noti ya tatu ni kwangu. Tumekaa hapa asubuhi nzima mkibishana mkunyooshe au mkuache, maana yake mmeona kuna thamani. Kinanda kimoja kilishakula viti vya wapigaji wanane. Sasa folda moja inataka kukila na kiti cha mpiga kinanda?

MWIMBAJI: Ana haki. Sauti yangu ukiikata ukaiweka kwenye wimbo wa mwingine, watu wataitambua na watakuuliza. Vidole vyake hakuna atakayevitambua, kwa hiyo yeye ndiye anayehitaji karatasi kuliko mimi.

MTAYARISHAJI: Mnataka niandike nini?

MWIMBAJI: Jina lake kwenye faili, kama mpigaji. Kwamba namba hizi ni za wimbo huu. Ukitaka kuzitumia pengine, unamuuliza na unamlipa.

MTAYARISHAJI: Hata kama nimezinyoosha?

MPIGA KINANDA: Ukizinyoosha, nilipe zaidi.

MTAYARISHAJI: Sawa, Maalim. Nitaandika jioni.

MPIGA KINANDA: Andika sasa. Karatasi ipo, kalamu ipo. Tukishatia saini, shusha hiyo bafa yako turudie utangulizi, maana mi ya Bibie imepatikana na sikuipiga ikiwa hivyo.